Jengo Lililogeukia Uani

Mado alifariki Jumanne, na siku iliyofuata asubuhi nilikuwa kando ya barabara pale Kapolowe, mfuko miguuni, nikisubiri gari la kwenda Likasi. Sikulia njiani. Katika umri wangu habari za vifo huja kwenye simu kati ya salamu na malalamiko ya magoti, na mtu hujifunza kuzipokea huku anaendelea kumenya mihogo. Njia nzima sikumfikiria Mado mwenyewe, nilifikiria watampitisha wapi. Kwetu, mtu aliyefanya kazi ya mshahara hapelekwi makaburini kabla hajaaga kazi yake. Gari la maiti hupita pale alipokuwa akitumika, husimama, dereva hupiga honi ndefu, na walio ndani hutoka wakasimama wima mpaka gari liondoke, hata kama hawakumjua marehemu. Mwalimu hupitishwa shuleni, mtu wa reli hupitishwa stesheni. Ni heshima ndogo, haichukui muda wa kumaliza kikombe cha chai, lakini familia hubishana sana juu yake, kwa sababu pale gari linaposimama ndipo watu watakaposema baadaye kwamba marehemu alikuwa wa pale.

Kilio kilikuwa Shituru, pembeni mwa Likasi, katika nyumba ya matofali ambamo Mado alilea watoto wake. Wanawake walikuwa wametandaza mikeka chini ya turubai, wengine wanatwanga sombe, majani ya mihogo, wengine wanasonga bukari, ugali wetu, kwenye sufuria kubwa za kukodi, na moshi wa makaa unatufuata kila tulipohama. Trésor, mtoto wake wa kwanza, mwanaume mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, alikuja kunisalimia, akachuchumaa mbele yangu kama mama yake alivyomfundisha.

"Trésor, mutoto wangu, kesho mutamupitisha wapi?"

"Ku dépôt, ku ghala ya kampuni, Tantine. Pale alitumikaka."

"Mama yako alianzaka mu ville. Mu ile building ya avenue, kule juu, ku dessin, kwa bachoraji."

"Mu ville?" Alinitazama kwa huruma, kama anamtazama mama mzee aliyechanganya majina ya watu. "Mama alikuwa anagawa makufuli na bawaba za milango ku dépôt. Maisha yote. Siye tulimuona na macho."

"Hamukuwa bado kuzaliwa. Minye nilikuwako."

"Hakutuambiaka hata siku moja."

"Alikuwa na sababu."

Aliokota vijiti chini, akavivunja. "Tutaona, Tantine. Familia iko mingi, na kila muntu iko na mawazo yake." Nilijua maana ya tutaona. Ni neno tunalowapa wazee ili waende kula. Nilikwenda kula.

Asubuhi ya maziko sikuandamana na wengine mochari. Nilienda zangu mjini, nikasimama upande wa avenue, ile barabara kuu, nikalitazama jengo. Lilijengwa na Wabelgiji mji ulipokuwa bado na jina jingine, kwa ajili ya kampuni iliyoshughulikia nyumba za wafanyakazi: kujenga makambi, kugawa funguo, kutuma fundi bomba linapovuja. Lina ghorofa tatu. Upande wa avenue una matao matatu marefu na ngazi pana ya granito, ile ya vijiwe vilivyosuguliwa mpaka vikawa laini. Paa ni la shaba, na mvua ililigeuza kijani, kisha ikashusha michirizi ya kijani ukutani, mpaka mgeni hudhani ni rangi iliyopakwa makusudi. Kati ya nguzo kuna matofali ya saruji yenye matundu, tuliyoyaita klostra, yanayopitisha hewa na kuzuia jua. Aliyelichora alilijua jua la Katanga kuliko wengi wanaotujengea vioo siku hizi. Nasema hivyo bila mapenzi ya pekee. Jengo ni zuri, na lilijengwa kwa ajili ya watu wengine. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila taabu.

Leo matao mawili yamezibwa na maduka ya simu, tao la katikati lina lango la chuma lililofungwa kwa mnyororo, na ngazi imepasuka. Wasichana wanaouza vocha hukaa hapo na miavuli yao. Nilipangusa kipande cha ngazi, nikaketi katika kitenge changu cha heshima. Nilikuwa nimeamua kwamba Mado akija, nitampokea upande huu, upande ambao yeye na mimi hatukuupita hata mara moja. Na asipokuja, basi angalau mtu mmoja atakuwa amemngoja.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa zamani, tulipokuwa tunaitana citoyen na citoyenne, yaani raia, kwa amri ya serikali. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, kwa hiyo tuliyatumia wakati wote isipokuwa mbele ya wakubwa. Mimi, Henriette, ambaye Mado aliniita Riette, niliajiriwa chini kabisa, katika chumba cha kunakili ramani. Kilikuwa na kidirisha kimoja na mashine ya amonia iliyomtoa machozi hata mtu asiye na huzuni. Nilipokea ramani za kalka, karatasi inayopitisha mwanga, kutoka juu, nikazipitisha kwenye mashine, zikatoka nakala zenye mistari ya buluu na harufu ya choo cha shule. Mado alikuwa ghorofa ya juu, kwa wachoraji, katika chumba kirefu chenye madirisha yaliyoelekea kusini ili jua lisimulike macho ya mtu. Meza zao zilikuwa zimeinama, kila moja na taa yake, na paa la shaba lilikuwa linalia tik, tik juu ya vichwa vyao jua linapopanda. Nikipeleka nakala nilikuwa nachelewa makusudi kule juu, kwa ajili ya hewa.

Mado alikuwa mwanamke pekee kati yao, na hakuwa na meza. Alikuwa stagiaire, mtu wa kujaribiwa: alichorea kwenye kona ya meza ya mwenzake, na mwenzake akirudi alisimama na karatasi zake mkononi. Papa Donatien, mkuu wa wachoraji, mzee mnene aliyevaa tai hata siku za joto, alimwahidi mbele yetu sote kwamba akikamilisha kazi moja kubwa bila dosari atapewa meza yake. Katika nyumba ile hilo lilikuwa neno zito. Mwenye meza alikuwa mchoraji. Asiye na meza alikuwa mtu anayejua kuchora, na watu kama hao walikuwa wengi mjini, wengine wanaandika mabango ya baa. Mado alilijua hilo vizuri. Hakuwa mpole. Alikuwa na ulimi, alikuwa na mabega yaliyonyooka, na alipokwangua wino kwenye kalka kwa wembe hakuna aliyethubutu kukohoa karibu naye.

Nieleze pia jinsi tulivyokuwa tunaingia, kwa sababu yote yalitoka hapo. Wakati wa Wabelgiji mtu mweusi hakupita mlango wa avenue. Hapakuwa na bango, palikuwa na mlinzi. Wafanyakazi walizunguka kwa mtaa wa nyuma, wakaingilia uani, penye bomba la maji, banda la baiskeli na mparachichi mmoja. Tulipoanza kazi sisi, hakukuwa tena na wa kutukataza. Lakini baiskeli zilikuwa bado uani. Bomba lilikuwa uani. Mama wa munkoyo alikaa uani na ndoo yake ya kinywaji cha mahindi na beseni la mikate ya kukaanga. Mtu angepita avenue afuate nini? Mlango wa mbele ulikuwa wa wageni, kisha wageni wakapungua, kisha ikawa haijulikani vizuri ufunguo uko kwa nani. Katikati ya ukumbi, sakafuni, aliyechora jengo alikuwa ametia msalaba wa shaba, ule wa Katanga wenye mikono minne iliyo sawa. Mkono uliotazama uani uling'aa kwa viatu vyetu. Mkono uliotazama avenue ulikuwa umefifia, umeshika ukijani kama paa, na sikumbuki mtu yeyote aliyelizungumzia jambo hilo.

Hata mkurugenzi aliingilia uani. Alikuwa wa kwanza kati yetu kupewa ofisi ile kubwa ya ghorofa ya kwanza, na alikuwa ameanza kazi humohumo akiwa karani kijana. Gari lake liliegeshwa chini ya mparachichi. Kila asubuhi alisimama kwa mama wa munkoyo, akanywa kikombe kimoja kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika mkoba.

"Mama, ya leo iko kali?"

"Iko muzuri, Directeur. Kunywa tu."

Halafu alipanda ngazi, akisalimia kila mtu kwa jina. Saa ya chakula sisi wengine tulikaa kwenye vidaraja vya mlango ule wa uani, na bukari yetu, na kapenta, dagaa wa kwetu, waliokaangwa na nyanya, na siku za neema kipande cha samaki wa Kapolowe kilichogawanywa kwa haki. Nimekula katika hoteli tangu hapo, kwenye meza zenye vitambaa, na sijasikia maongezi matamu kama yale. Watu wa hesabu walisengenya watu wa vibali. Dereva alisimulia ndoto zake. Mado alikula haraka, kisha akapanga maisha yake kwa sauti.

"Riette, bakinipa meza, nitaiweka pembeni ya dirisha ya mwisho. Sipende muntu apite nyuma yangu."

"Pale pako Papa Donatien."

"Atasogea."

Kazi kubwa ilikuja katikati ya kiangazi. Tuliambiwa kwamba délégué mkubwa, yaani mjumbe, kutoka Kinshasa atatutembelea, na kwamba saruji na rangi zitatolewa za kutengeneza upande mmoja tu wa jengo, façade principale, yaani uso wake mkuu. Nyuso nyingine zingesubiri. Ili mafundi wafanye kazi ilihitajika ramani, na jengo lililochora makambi yote ya wafanyakazi halikuwa na ramani yake lenyewe. Wengine walisema ilisafiri kwenda Ubelgiji ndani ya sanduku. Wengine walisema mchwa. Papa Donatien akampa Mado kazi ya kulipima jengo lote na kulichora upya, nyuso zake nne, naye akaniomba mimi nimshikie mwisho wa utepe wa kupimia, kwa sababu nilikuwa mwepesi na sikuogopa ngazi.

Hapo ndipo nilipolijua jengo. Mpaka wakati ule lilikuwa mahali pa kazi, na mtu hatazami mahali pa kazi. Mado alinionyesha kwamba vidaraja vya chini ni vipana kuliko vya juu, ili anayepanda asichoke upesi. Alinionyesha kwamba ukuta wa klostra ni mnene kiasi kwamba jua la mchana huishia ndani ya matundu bila kufika sakafuni. Alinionyesha kwamba uwazi ulio katikati ya ngazi, kutoka ukumbini mpaka juu, uliwekwa ili hewa moto ipande na kutoka, na kwamba ndiyo sababu maneno ya ukumbini na ya ofisi ya mkurugenzi yalikuwa yanafika kwa wachoraji yakiwa mazima. Upande wa avenue tuliupima harakaharaka, juani, wapita njia wakituuliza kama kampuni imeuzwa. Upande wa uani tuliupima polepole, watu wakitushauri kutoka madirishani, na mama wa munkoyo akatupatia cha kunywa.

Kisha Mado alichora. Ilikuwa kazi nzuri sana, hilo nalisema mimi niliyenakili maelfu ya ramani. Chini ya kila uso aliandika jina lake kwa herufi zake zilizosimama wima kama yeye. Chini ya uso wa uani, wenye vidaraja vyetu, nguzo mbili na kipaa kidogo cha zege kilichotokeza juu ya mlango, aliandika façade principale. Chini ya matao ya avenue aliandika façade arrière, uso wa nyuma. Hakusita, kwa sababu hapakuwa na la kufikiria. Kalka ikaja kwangu, nikaisoma, nikainakili, sikuona kitu. Papa Donatien aliikagua kwa rula, akasahihisha unene wa nguzo moja. Mkurugenzi aliitazama kwa muda, akasema binti huyu ana mkono, akatia saini. Fundi mkuu akachukua nakala yake na kuanza.

Watu niliowasimulia jambo hili miaka ya baadaye, hasa watoto waliosoma Lubumbashi, hucheka na kuuliza inawezekanaje. Nami huwauliza walipofika nyumbani kwangu walipita wapi. Wote hupita jikoni. Waambie wachore nyumba yangu, wataanza na mlango wa jikoni. Tofauti ni kwamba kwetu sisi kulikuwa na saruji.

Matengenezo yalikuwa ya furaha. Kipaa kilipigwa lipu upya, nguzo zikapakwa rangi ya maziwa, vidaraja vikasuguliwa mpaka mama wa munkoyo akaogopa kuweka ndoo yake, akahamia chini ya mti. Taa mbili za duara zilitundikwa pembeni mwa mlango. Tulikuwa tunakuja kazini mapema ili tupite hapo. Mkurugenzi alisimama kila asubuhi na kikombe chake, akatazama juu, siku moja akasema, "Sasa hii njo nyumba." Mado alimsikia. Saa ya chakula hakula. Alitabasamu tu, na Papa Donatien alikuwa ameshaagiza seremala atengeneze meza.

Siku ya délégué tulipangwa uani kwa mistari. Kikundi cha kucheza kilikuwa kimevaa sare, kimeelekea lango la mtaa wa nyuma, kinaimba. Mimi nilitumwa ndani kuleta mkasi wa kukatia utepe, na nilikuwa nashuka nao niliposikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika jengo lile: mtu alikuwa anabisha hodi mlango wa avenue. Alikuwa anaugonga kwa nguvu. Ukumbini alikuwako Papa Kaumba peke yake, mlinzi wetu, katika kaki mpya.

"Nani?" aliuliza.

Sauti ikajibu kwa Kifaransa kwamba afungue.

"Huku hakufunguliwake. Zunguka. Zunguka ku mbele."

Sauti nyingine, ya mtu wa huku, ikasema, "Papa, siye tuko ku mbele."

"Hapana, baba. Muko nyuma. Mupite na ile rue ya kuume, mutaona bantu banacheza."

Walipita na ile rue ya kuume. Walizunguka jengo kwa miguu, suti na viatu vyeusi, kando ya mfereji, na kwa kuwa njia ile inatokea kwenye banda la baiskeli, waliingia uani mgongoni mwa wachezaji, ambao waliendelea kuliimbia lango tupu. Mkurugenzi aliwaona kabla ya wengine. Nilikuwa nimeshatokea mlango wa uani, nikamwona uso wake, na nina hakika kwamba hata wakati ule hakuwa ameelewa. Alidhani wamepotea.

Alielewa alipopanda nao ofisini na ramani ikatandazwa. Mimi nilipanda, nikaketi kwenye ngazi ya juu na mkasi ambao hakuna aliyeuhitaji tena, Mado ameketi kando yangu, na maneno yalitupandia katika ule uwazi aliouchora yeye mwenyewe. Walisema Kifaransa. Délégué aliuliza ni nani aliyeandika upuuzi huu. Papa Donatien akasema ni stagiaire. Mkurugenzi akasema, "Mimi nilitia saini. Nilisoma, nilitazama, sikuona kosa." Délégué akamuuliza inakuwaje mtu aongoze jengo asilojua mbele yake ni wapi. Mkurugenzi akaikunja ramani. Kisha akasema, "Tangu nilipoanza kazi humu naingilia uani. Hata leo asubuhi." Juu yetu paa likawa linalia tik, tik. Nilimpenda mkurugenzi kwa maneno yale. Jioni hiyohiyo alitia saini uhamisho wa Mado kwenda dépôt ya Shituru.

Lazima mtu apatikane, nilielewa hivyo. Délégué hawezi kurudi Kinshasa na habari kwamba kosa ni la kila mtu. Mkurugenzi alibaki kwenye ofisi yake mpaka pensheni, Papa Donatien alibaki na tai yake, mimi nilibaki na amonia. Meza iliyotengenezwa na seremala alipewa kijana aliyekuja baadaye. Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado. Imepungua joto tu.

Mado hakuwa na meza ya kuondoa vitu, kwa hiyo kuondoka kwake kulikuwa kwa haraka. Kalamu, rula na wembe vilienea katika kopo la maziwa. Tulishuka pamoja, tukakaa kwenye vile vidaraja vipya, chini ya kipaa.

"Ungesema kitu," nilimwambia. "Ungesema Papa Donatien njo alikagua."

"Niseme nini? Ile niliandika iko kweli. Bakinipa karatasi leo, niko naandika fasi ileile."

"Lakini mbele haiko huku, Mado."

"Weye unaingiliaka wapi?"

Alinyanyuka na kopo lake, akagonga nguzo kwa vidole kama mtu anayejaribu tikiti, akaenda kusubiri gari la Shituru.

Aliolewa, akazaa, akagawa makufuli. Hakuingia tena ndani ya jengo. Mara nyingine alinisubiri uani saa ya kutoka, tukaenda sokoni pamoja, na kila mara alitupa jicho kwenye kipaa. "Bamepaka tena," alisema. "Ile rangi haiko yenyewe." Kuhusu meza hakusema, na watoto wake, kama nilivyoona kwenye kilio, hawakujua kwamba kulikuwa na meza. Saruji ya uso wa avenue haikuja mwaka ule, wala uliofuata. Kampuni ilisinyaa, ikafungwa, vyumba vikapangishwa. Wapangaji walitundika mabango yao uani, pale palipokuwa na rangi na taa. Teksi zikaenda zilipo mabango. Na mimi nikastaafu, nikarudi Kapolowe kulima, nikawa siji mjini ila kwa misiba.

Sasa nilikuwa kwenye ngazi iliyopasuka, jua limeshapanda. Msichana wa vocha aliyekuwa jirani yangu alisogeza mwavuli wake ili nusu ya kivuli iniangukie.

"Mama, munangojea nani?"

"Rafiki. Bako naleta maiti yake, labda."

"Huku?" Alicheka kidogo, kwa adabu. "Huku gari hazisimamake, Mama. Zinapitiaka ku mbele." Na kidole gumba chake kikaelekeza mgongoni kwake, kupitia ukuta, uani.

Kabla sijamjibu ilisikika honi. Ilikuwa ndefu, ya gari la maiti, na ilitoka ng'ambo ya jengo. Nilisimama vibaya, msichana akanishika kiwiko. Kuzunguka kwa mtaa kungenichelewesha. Nilijua kutokana na utepe wa kupimia kwamba duka la simu la kushoto lilikuwa zamani chumba cha mlinzi, na kwamba lina mlango wa ndani. Nikaingia. Kijana wa dukani alisema, "Mama, huku hakupitiwake," kisha akaniona uso, akasogeza sanduku. Nikatokea ukumbini. Msalaba wa shaba ulikuwapo, upande mmoja mweusi, upande mwingine unang'aa, na nilipita juu yake kuelekea kwenye mwanga.

Gari lilikuwa limesimama chini ya kipaa, milango ya nyuma wazi, maua ya plastiki juu ya sanduku. Walio katika ofisi walikuwa wameshatoka: mwanasheria na karani wake, wasichana wa duka la dawa katika makoti meupe, watu ambao hawakuwahi kumsikia Mado. Walisimama wima. Trésor alinijia, jasho linamtoka.

"Tantine, ulikuwa wapi? Tulikutafuta."

"Nilikuwa ngambo ingine. Nani alikuonyesha fasi ya kusimama?"

"Hakuna muntu. Nilimwambia tu chauffeur, tupitie ku building, vile ulisema. Yeye mwenyewe akaingia huku." Alitazama kipaa, taa za duara, halafu akanitazama mimi kwa wasiwasi. "Mbele njo hapa, haiko vile?"

Hapo ndipo nililia, kwa sauti, kama watu wanavyopaswa kulia.

"Njo vile," nilimwambia. "Mama yako njo alipaandikaka."

Nilimwona hajaelewa, na nilikuwa na siku nzima ya kumweleza. Niliweka kiganja kwenye sanduku. Dereva akapiga honi mara nyingine, na sote tukasimama wima mbele ya jengo.